Zimwi na Kuni za Akiru

Sogeeni motoni, na asiye na masikio aazime ya jirani!

Mvua za kwanza zilipogusa ziwa la kaskazini, mama mmoja mvuvi, Akiru, aliwatangulia wenzake kwenye kambi ya uvuvi, akavua sangara mnene kama ndama. Mara zimwi likaibuka majini.

"We mama, nipe samaki huyo, ama nikumeze wewe!"

Akiru hakutikisika. "Utakula, baba. Lakini kambi hii, asiyeleta kuni hali."

Zimwi likazamia, likaibuka na gogo. Moto ukatoa moshi tu. "Limelowa, baba." Likaleta matete. Moshi tena. "Nayo yamelowa. Kuni kavu ziko kule mlimani, kwenye migunga."

Likaenda, pwata, pwata, pwata, na jua linawaka. Akiru akakaa ananoa kisu. Alijua zimwi la majini halistahimili jua. Likarudi na mzigo mkubwa, ngozi imepasuka kama tope la kiangazi. Likautua, likaporomoka, likawa vumbi.

Samaki akaiva vizuri. Kabla hajaonja, Akiru alizoa lile vumbi, akalirudisha ziwani pamoja na kichwa cha sangara, fungu la mgeni.

"Kula, baba. Kuni umeleta."