Mguu wa Kushoto wa Babu

Sikilizeni habari ya babu mmoja. Jina lake sikupewa, na pale alipokuwa akiishi jina halikuwa na kazi. Wanaume wote waliitwa Babu, wanawake wote Bibi, na anayeitwa alijijua kwa kunyooshewa kidole.

Aliishi katika makao ya wazee, huko pembeni mwa mji ambako lami hukata tamaa. Ujanani alikuwa winga wa kushoto wa timu ya reli, na mpaka uzeeni alikuwa na bao lake moja la kusimulia. Kila mwaka bao lile lilipigwa kutoka mbali zaidi. Watu walimpenda kwa utani wake. Shikeni hapo: walimpenda kwa utani wake.

Makao yale yalikuwa na desturi. Kila Juma Kuu makanisa ya mjini yalikuja, moja baada ya jingine, kuwaosha wazee miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Jambo jema kabisa. Ila matroni, mwanamke mchapakazi aliyeachiwa wazee wengi na wasaidizi wachache, hakutaka wageni wakute uchafu. Nani kati yetu humkaribisha mgeni kwenye vyombo vichafu? Kwa hiyo alfajiri wazee walioshwa miguu, wakasuguliwa visigino, wakapakwa mafuta, ndipo wakakalishwa kwenye viti vya plastiki kusubiri kuoshwa miguu.

Sasa, babu alikuwa na kisukari, na chini ya unyayo wa kushoto palikuwa na kidonda. Kilianza kama lengelenge la kandambili, kikachimba, kikaanza kunuka. Matroni alikiona, akaomba gari la kumpeleka hospitali. Wakubwa wake wakamwambia asubiri kwanza juma la wageni lipite. Babu alijua maana ya kusubiri. Mwenzake wa kitanda cha jirani alianza hivyo hivyo, akarudi kutoka hospitali hana mguu.

Wageni walipokaribia, matroni aliinama akamvisha soksi mguu ule.

"Babu, utatoa wa kulia. Huu tuusogeze nyuma ya kiti."

"Ukikaa nyuma ya kiti utapona, mama?"

"Wakiona kidonda watasema hatuwatunzi. Wakisema hivyo, mchele hauji tena. Na wewe mchele unaula."

Babu akausogeza mguu nyuma ya kiti, maana ni kweli mchele alikuwa anaula.

Kundi la kwanza likaja, likaosha mguu wa kulia. Kesho yake likaja la pili, likaosha mguu wa kulia. Babu akautazama mguu ule, umetakata kama sahani ya harusi, huku pua yake ikimletea habari za mwenzake wa nyuma ya kiti. Alhamisi Kuu likaja kundi kubwa lenye kwaya, fulana za rangi moja na mpiga picha. Mzee wa kanisa akapiga magoti mbele yake, beseni mkononi. Hapo babu akakata shauri. Akaurudisha nyuma wa kulia, akautoa wa kushoto na soksi yake.

"Mguu mwingine, babu," akasema mzee wa kanisa.

"Ule umeshaoshwa, mwanangu. Umeoshwa mpaka unajiona askofu. Wenye shida ni huu."

Watu wakacheka.

"Lakini huo wenye soksi hautapendeza kwenye picha," akasema mpiga picha.

"Hautaki kupendeza. Unataka daktari."

Wakacheka zaidi. Matroni akacheka kuliko wote, huku amemkazia babu macho. "Babu yetu huyu! Akikosa wa kumtania, anaitania miguu yake mwenyewe."

Mzee wa kanisa akatabasamu. "Babu yangu, Bwana haangalii ni mguu upi."

"Bwana haangalii," babu akajibu, "lakini nzi wanaangalia, na wameshachagua."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alijifuta machozi kwa leso. Babu naye akacheka kidogo, kwa kuwa ni aibu mtu kununa peke yake katikati ya kicheko alichokileta mwenyewe. Mzee wa kanisa akauvuta mguu wa kulia taratibu, akauosha, akaukausha kwa taulo jipya, akaubusu. Picha ilitoka nzuri sana.

Gari la hospitali lilikuja baada ya Pasaka. Wakaukata mguu juu ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Babu akazikwa kabla ya Pentekoste. Kwaya ikaja na fulana zilezile, ikaimba vizuri. Mzee wa kanisa akasimama kaburini akilia machozi ya kweli, wala simdharau, akasema: "Laiti babu angetuambia."

Mbona mmenyamaza, ndugu zangu? Aliposema habari ya nzi, mlicheka. Nimewaona mpaka viti vya nyuma kabisa. Hata mimi, niliyezunguka nchi hizi na kutembelea makao mengi, na kila nilikokwenda nikapewa kiti cha mbele na paja la kuku, juzi nikiandaa maneno haya nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Sisi tunapenda mguu uliokwisha kuoshwa. Tunampenda bibi anayeitikia wimbo, na kijana wa kituo cha yatima anayejua kushukuru. Yule anayeguna tunasema ana vituko. Kwani hatujui? Mtu anayelala katika nyumba ya wengine huileta shida yake kwa utani, kwa sababu akiileta kwa kilio ataambiwa hana shukrani. Na sisi tukishapanda gari letu, yeye anabaki palepale na waliomwambia hivyo.

Jumamosi tunakwenda kwa wazee. Mabeseni yamenunuliwa. Fulana zimefika, yangu imenibana tumbo. Twendeni. Lakini ukipiga magoti, usiridhike na mguu unaopewa. Uliza wa pili uko wapi. Na babu akikuchekesha, mvue soksi kwanza. Utacheka baadaye, kama utaweza.