Chumba Kilichotolewa Kwenye Ramani

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja, mgane, watoto wake wameshaoa na kuolewa mbali. Alipostaafu akaamua kujijengea nyumba. Kwenye ramani alikuwa ameweka chumba cha mama yake mzazi, aliyekuwa anaishi peke yake kijijini.

Fundi akaiangalia ramani, akamuuliza, "Hiki chumba cha nyuma cha nani?"

"Cha mama."

"Anahamia lini?"

"Bado. Ana nguvu zake."

"Basi tukitoe kwa sasa. Kona zitapungua, paa litakuwa rahisi, utaokoa mbao na bati. Utaongeza baadaye."

Ushauri ule ulikuwa mbaya? Hapana. Fundi alisema kweli, na kweli bwana yule akaokoa fedha. Akahamia.

Mama akaja kuiona nyumba, amejitwika unga wa kumpa mwanaye. Akazunguka akipapasa kuta, akifurahi. Kisha akauliza taratibu, "Na mimi nilale wapi, mwanangu?"

"Hapo sebuleni, mama. Kochi ni pana."

Akalala. Asubuhi akakunja shuka, akasema anawahi basi, nyani wasije wakamaliza mahindi shambani. Mwanaye alijua fika kwamba mahindi yalishavunwa. Lakini akamsindikiza kituoni.

Basi akabaki na nyumba yake. Jioni anasonga ugali wa mtu mmoja, anakula amesimama jikoni, redio ikiongea. Siku nyingine anampigia fundi kumuuliza habari za mfereji wa paa, na mfereji hauna tatizo lolote. Alitaka tu kusikia sauti ya mtu. Mmewahi kukaa hivyo? Wapo humu wanaojua ninachosema.

Mwisho upweke ukamshinda. Akamwita fundi, wakabomoa ukuta, wakafumua paa, wakajenga kile chumba kwa gharama kubwa kuliko ile ya mwanzo. Akaweka kitanda na blanketi zito, akaenda kumchukua mama.

Hakumkuta kwake. Alimkuta kwa jirani, mama mjane mwenye chumba kimoja, wamekaa chini wanapukuchua maharage na kucheka.

"Mama, chumba chako kiko tayari. Twende."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki. Lakini masika nilipougua, huyu mwenzangu ndiye aliyenileta hapa, akanigawia kitanda chake. Nikiondoka leo, atabaki na nani?"

"Uliugua? Mbona hukunipigia?"

Mama akamtazama bila hasira yoyote. "Ningekupigia uniweke wapi?"

Yule bwana akarudi na basi la jioni, kiti cha pembeni yake kitupu.

Ndugu zangu, kubana matumizi si dhambi. Asiyebana hamalizi nyumba. Lakini tujiulize, tunapopunguza, sisi tunaanza kumpunguza nani? Si yule mpole, asiyelalamika? Tunasema atatuelewa. Na kweli anatuelewa. Anatuelewa mpaka anaacha kutuhitaji, na sisi tunauita ukimya wake amani.

Yupo mmoja ambaye siku hizi hakutafuti tena. Umemkumbuka sasa hivi, nimekuona. Tukitoka hapa, mtafute wewe. Na akikuambia hana shida yoyote, usimwamini haraka. Kaa naye.