Mbwa Watatu wa Zulia la Ukutani

Apeni kwanza kwamba haya hayatoki humu. Mmeapa? Mie niliapishwa vivyo hivyo, nikavumilia hadi adhuhuri.

Palikuwa na mfalme aliyependa zulia lake la ukutani kuliko wakeze. Waflemi wa Ulaya walilifuma zamani: mungu wa kike wa Wayunani anaoga, mbwa watatu wamlinda. Siku moja Mbwarali, mume wa Somoe, akamkodolea macho yule mwogaji. Papo hapo akageuka kulungu ndani ya zulia, mbwa wakamfukuza.

Somoe, mshona kofia, akaomba kazi ya kuziba matundu yaliyotobolewa na nondo zuliani. Akapewa saa moja kila siku.

"Mke wangu, wafumue hawa!" kulungu akalia.

"Macho yako hayo, Mbwarali! Nyumbani hukuona cha kutazama?"

Hata hivyo, siku ya kwanza akafumua mbwa mmoja. Siku ya pili, wa pili. Lakini mshona kofia gani hutupa uzi mzuri? Akaushonea kofia ya Idi ya mfalme.

Siku ya tatu ikawa Idi, baraza limejaa. Mbwa wa mwisho keshamfikia kulungu. Somoe akajipenyeza, akafumua mkia, akafumua miguu, akafumua mgongo. Mfalme akavaa kofia.

"Hau! Hau! Hau!" Kofia, yenye uzi wa wale mbwa wawili, ikaruka kichwani, ikamkimbilia mwenzao ukutani. Macho yote yakaifuata, yakamkuta Somoe na sindano, uzi umemjaa hadi kiwikoni.

"Mshikeni!"

"Bwana wangu, kimebaki kichwa tu! Niacheni nimalize kichwa!"

Wakamshika mikono yote miwili. Na kichwa, wanangu, ndicho chenye meno.