Jiwe Ndani ya Firigisi

Hapo zamani, zamani ya karibu, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi ulipasuka. Tope likashuka. Likafunika shamba la Luhende, likafunika kisima cha jirani yake, mjane Nkwimba. Mahindi yakafa, maji yakafa. Walibaki kuku tu, wakichakura tope kutwa nzima.

Siku moja shemeji yake Nkwimba, Shija, alimtembelea kutoka Maswa. Nkwimba akachinja tetea. Alipopasua firigisi ili aisafishe, kisu kiligonga kitu. Ti! Jiwe, ukubwa wa punje ya mahindi, linametameta.

"Kisima changu!" likamtoka neno. Alikwisha kuona kisima kipya, kirefu, maji meupe, na binti yake Minza hatembei tena nusu siku na ndoo kichwani.

Luhende, aliyekuwa uani akinusa mchuzi, akainuka. "Mama Minza, kuku wako kalichakura wapi? Si shambani kwangu? Mahindi yangu yamelala chini ya tope lile. Fidia sijaiona. Basi tope ndiyo fidia yangu, na kilichomo ni changu."

"Lilipokuwa linanuka ulisema ni la mgodi," Nkwimba akamjibu. "Leo linang'aa, limekuwa lako?"

Shija akanawa mikono taratibu. "Shemeji, tangu lini firigisi ikawa ya mpishi? Firigisi ni ya mgeni. Ungeipika bila kuipasua, jiwe lingenivunja jino."

"Na hilo jino unalo, shemeji?"

"Ninalo moja, na linatosha kudai haki!"

"Kuku ni wangu!" Nkwimba akapaza sauti. "Nimemlea tangu kifaranga, nimemnyang'anya mwewe mara mbili!"

Wakapaza na wao. Kelele zikavuka ua, zikafika barabarani, na barabarani likasimama gari la walinzi wa mgodi.



Kila mtu alijua: atakayekutwa na jiwe, atalala mahabusu.

Nkwimba akanyoosha kiganja. "Luhende, fidia yako hii."

Luhende akatazama miguu yake.

"Shemeji, firigisi yako."

Shija akatazama sufuria.

Buti zikakanyaga uani. Nkwimba akafumba macho, akaona kisima, akalitia jiwe kinywani. Akalimeza, kama kuku wake alivyolimeza.

Walinzi wakapekua chungu, wakapekua kitanda, wakawapekua wote watatu mifukoni. Wakaondoka na paja la kuku.

Vumbi la gari halijatua, Luhende akavuta kigoda akaketi. "Mama Minza, mimi sina haraka."

"Na mimi nyumbani hawaningoji," akasema Shija, akitandika mkeka.

Nkwimba akashika tumbo, akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

Enyi mnaonisikiliza, hukumuni ninyi. Jiwe litakapotoka, ni la aliyefuga kuku, la aliyefunikwa shamba, la mgeni mwenye firigisi, au la wale ambao ukingo wao ulipasuka? Je, nani anastahili kulishika?