Vidole vya Mdakaji

Hapo zamani, huko Marekani, watu walipoanza kuajiriwa kucheza besiboli, mdakaji alisimama nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji kwa mikono mitupu. Mpira mgumu, unakuja kwa kasi, nawe unaupokea kwa ngozi yako.

Enoki alikuwa mdakaji. Aliacha kuchonga mawe akaajiriwa na timu. Mrushaji wake aliitwa Luteri. Mipira yote ya timu ilishonwa na mtumishi wake, mjane mmoja aitwaye Dorka. Dorka alipoona vidole vya Enoki vimevimba, akamshonea glovu ya ngozi.

Siku ya fainali mashabiki wakamzomea Enoki: "Mwanamume mzima, anavaa mto mkononi?" Mwenye timu, Bwana Hobati, aliyejikalia zake kivulini, akafoka, "Vua hicho kitu, unatuaibisha." Enoki akavua. Dorka naye akafukuzwa palepale. Kosa lake nini? Huruma.

Ukabaki mrusho wa mwisho. Bega la Luteri lilikuwa limeshateguka, na alimwona mwenzake yuko mikono mitupu. Akirusha polepole, mpigaji ataupiga, nao wameshindwa. Akarusha kwa nguvu zote. Mpigaji akaukosa, Enoki akaudaka, vidole vikavunjika, lakini hakuuachia. Wakashinda.

Mnadhani Hobati alimwita tabibu? Thubutu. Kesho yake alisema hataki vilema kwenye timu yake. Ila palikuwa na desturi: anayekabidhiwa mpira wa ushindi, awe mchezaji au mtumishi, hafukuzwi kazi, na kama ameshafukuzwa hurudishwa. Basi Hobati akawaita wote watatu, akautupa mpira mezani. "Ni wa mmoja tu. Chagueni wenyewe." Nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Luteri akasema, "Nisingerusha vile, tusingeshinda. Bega langu limekwisha, na kazi nyingine siijui."

Enoki akasema, "Ulirusha ukijua sina glovu. Nimeuzuia kwa mifupa yangu. Kwa vidole hivi nitachonga mawe gani tena?"

Dorka akasema, "Mpira wenyewe nimeushona mimi. Bila glovu yangu, Enoki, fainali usingeifikia. Nimefukuzwa kwa ajili yako, nawe ulivua ukanyamaza."

Hobati akawaambia wafanye haraka, chakula chake kinapoa.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mpira uko mezani na watatu wanangoja. Je, nani alistahili kuuchukua?