Mchanga Ulivyojifunza Kutwanga

Palikuwa na wakati ambapo nguvu ya jua ilijua kwenda tu, haikujua kurudi. Ilishuka kwenye jiwe jeusi lililokuwa juu ya kijiji cha Kyamutheu, watu wakaikinga kwa mitungi kama wanavyokinga mvua, wakaiziba kwa nta na kuiweka ndani. Mtu akizibua mtungi, nguvu ilikimbia juu ya uzi wa shaba bila kugeuka wala kupumzika, mpaka iishe. Ilifaa kwa mwanga. Ilifaa kwa kuchoma. Zaidi ya hapo ilikuwa na ukaidi wa beberu: ukiielekeza mbele, ni mbele tu.

Na mchanga wa wakati huo ulikuwa mchanga tu. Haukuruhusu nguvu ipite, wala haukuizuia sawasawa. Ulikuwa kama mtu ambaye hajaamua. Hakuna aliyeujali. Mto wa Kyamutheu wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, kama ilivyo mito mingi ya huko. Maji hupita siku za mvua, kisha huzama, na wanawake hufukua kwa vibuyu mpaka wayafikie.

Ukaja ukame, maji yakazama kupita urefu wa kamba zote za kijiji. Wanaume waliondoka na ng'ombe kutafuta majani. Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Ndinda, mke mchanga mwenye mtoto wa kwanza, msichana aitwaye Mwende, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Ndinda alibaki pamoja na mama mkwe wake, Syokau, mwanamke mrefu wa maneno machache, na alimwogopa.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Alipokuja kuolewa, yeye na Syokau walisimama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, kama wanawake wafanyavyo ili kazi iende upesi: huyu anainua, yule anashusha. Ndinda alitaka kuonekana mwepesi. Akaharakisha, michi ikagongana hewani, na ule wa Syokau, alioachiwa na mama yake mzazi, ukapasuka toka juu hadi chini. Syokau hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi, kila mtu atwange peke yake." Tangu hapo walipishana uani kama watu wa nyumba mbili.

Sasa maziwa ya Ndinda yalikuwa yakikauka. Alimweka mtoto kifuani, mtoto akavuta, akaacha, akavuta tena, akalia. Kilio hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba kilipungua siku hadi siku. Alikuwa akimpapasa utosini, pale palipo laini, kila baada ya kitambo kidogo, na kila mara aliona pamebonyea zaidi. Alitamani kumwuliza Syokau kama ndivyo watoto wanavyokuwa wakati wa joto.

Kijijini palikuwa na mhunzi, Kilungya. Huyo alishona kiriba kikubwa cha ngozi, akakishusha ndani kabisa ya kisima cha mchangani, akakifunga kwenye mkono wa chuma. Mkono ukishuka na kupanda, kiriba kingesukuma maji juu. Chuma kilikuwa kizito, watu waliobaki hawakuwa na nguvu ya kukitikisa, basi Kilungya akaleta mitungi ya jua. Akavuta uzi wa shaba mpaka kwenye mkono, na katikati ya uzi akaweka kilango cha mpingo: kikiwa wazi nguvu inapita, kikifungwa inakoma.

Watu wakakusanyika na vibuyu vyao. Kilungya akafungua kilango. Mkono ukashuka kwa kishindo, ukabaki chini. Nguvu iliukandamiza palepale, haikuachia, mpaka mtungi ukaisha.

"Umelala!" mwanamke mmoja akadakia. "Kilungya, chuma chako kimekurithi wewe mwenyewe."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye midomo iliyopasuka. Kilungya akasema labda nguvu ni nyingi mno, inahitaji kubembelezwa. Akazibua mtungi mwingine, na safari hii akakishika kilango nusu, si wazi wala si kufungwa, ili nguvu ipite kidogo kidogo. Mkono ukatetemeka tu. Kilango kikaanza kutoa moshi. Kilungya alivumilia hadi ngozi ya viganja vyake ikagandia kwenye mpingo, ndipo akaachia akilia kama mtoto.

"Inanila mimi," alisema wakimpaka samli. "Nikifungua yote, haigusi mlango, inapita zake. Nikifunga yote, inatulia. Nikiwa nusu, kila ninachoizuia kinageuka moto mikononi mwangu."

Mitungi iliyosalia ilikuwa michache, na jiwe jeusi lilihitaji muda mrefu kujaza mingine. Watu wakarudi majumbani. Siku hiyo Mwende hakulia kabisa. Alikuwa macho, akimtazama mama yake, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama ganda. Ndinda alikaa mlangoni akimtazama Syokau akitwanga konzi ya mwisho ya mtama peke yake. Mchi ulishuka, ukapumzika, ukapanda. Kila ulipokuwa juu, kinu kilikaa bure, kikimngoja mtu wa pili.

Ndinda akasimama kabla aibu haijamkamata.

"Mama."

Syokau hakugeuka. "Mtoto vipi?"

"Amenyamaza. Mama, ule mkono wa Kilungya, kuna wa kuushusha, hakuna wa kuupandisha. Wangekuwa wawili. Uzi mmoja huku, mwingine kule, na vilango viwili. Mmoja afungue, afunge. Mwingine afungue, afunge. Kama..." Akashindwa kukitaja kinu.

Syokau aliuegemeza mchi ukutani. Akaja, akaweka kidole utosini pa Mwende, akakiacha hapo kwa muda. Ndinda alimtazama usoni, akajua jibu la swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Twende kwa mhunzi," Syokau alisema.

Kilungya, mikono ikiwa imefungwa vitambaa, aliwaelekeza watu wapitishe uzi wa pili upande mwingine wa mkono wa chuma na kuchonga kilango cha pili. Vikasimamishwa vilango viwili bega kwa bega juu ya vizingiti vya mpingo, ndani ya mchanga wa mto. Mwende akapewa jirani ambebe kivulini. Kilungya akawaonya: "Wazi kabisa au kufungwa kabisa. Nusu ni moto. Na msifungue vyote viwili kwa pamoja. Nguvu ikiona njia fupi ya kutoka uzi huu kwenda ule, haitauhangaikia mkono. Itawapitia ninyi."

Mtungi ukazibuliwa. Syokau akafungua, akafunga, mkono ukashuka. Ndinda akafungua, akafunga, mkono ukapanda. Watu wakaguna kwa mshangao. Syokau tena, Ndinda tena. Kisha Ndinda akasikia, au akadhani amesikia, sauti ndogo kutoka kivulini. Akaharakisha. Kilango chake kikafunguka kabla cha Syokau hakijafunga, na mwale mweupe ukaruka baina yao. Mtungi ukapasuka. Nywele za Syokau zikaungua upande mmoja.

Ndinda alijitupa chini. "Nisamehe mama, nisamehe, nimekuumiza tena."

"Inuka." Syokau alikuwa akipangusa majivu sikioni. "Unaniwahi kwa sababu unaniogopa. Unadhani ukichelewa nitakusema. Sasa chelewa. Mimi nikifunga, vuta pumzi moja, ndipo ufungue. Na mimi nitakungoja hivyo hivyo."

"Na mtungi ukipasuka tena?"

"Hiyo hofu iache hapo chini. Zibueni mwingine!"

Wakaanza upya. Pigo, pumzi, pigo, pumzi. Mikono ya Ndinda ilishika mwendo wa kinu, na kinu mikono haikisahau. Mkono wa chuma ukashuka, ukapanda, ukashuka, na chini kabisa kiriba kikakoroma. Yakatoka matope. Kisha maji.

Watu walikimbilia na vibuyu. Mmoja akamnywesha Ndinda pale pale aliposimama, akamnywesha na Syokau. Lakini foleni ilikuwa ndefu, wazee, wagonjwa, watoto, na kila vilango viliposimama, maji nayo yalisimama. Jirani akaja akiwa na Mwende mikononi. "Anakataa kibuyu," alisema. "Anayatema. Anataka ziwa, Ndinda, na macho yanamfumba."

Ndinda akiachia kilango, wale wa nyuma wangekosa. Asipoachia, angemkosa mtoto.

"Nenda," Syokau alisema bila kusimamisha mikono.

"Peke yako huwezi, mama."

"Nimesema nenda."

Hapo ndipo Ndinda alipotazama chini ili asimtazame mama mkwe wake. Kila kilango kilipogonga, mchanga ulikuwa ukiruka, punje kwa punje, na kwa kuruka huko ulikuwa umejaa ndani ya mifereji ya vizingiti. Joto lilikuwa limeufanya ung'ae. Kisha mikono ya Syokau, iliyochoka, ikateleza. Ndinda alifumba macho kungojea mwale. Haukuja. Kilango kilikuwa kimejifunga chenyewe, kwa wakati wake.

Walitazamana. Syokau akaondoa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayemwacha mtoto aliyeanza kusimama dede. Akaondoa wa pili. Kilango kikafunguka, kikafunga. Ndinda akaachia chake, vidole vikiwa karibu kabisa, tayari kukidaka. Mchanga ulikuwa umesikiliza mapigo yale mpaka ukaamua: ukafungua kabisa, ukafunga kabisa, ukangoja pumzi yake. Kisha ukaongeza kasi. Mapigo yakakaribiana hadi hayakuhesabika tena, yakawa mvumo mmoja, na mkono wa chuma ukaenda juu na chini bila mtu.

Ndinda alikimbia. Alikaa kivulini, akamweka Mwende kifuani, na kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Syokau akaja akapiga magoti, akamlowesha mtoto midomo kwa kidole, kisha akamwelekeza kichwa. Mwende akavuta. Akaacha. Akavuta tena, na safari hii Ndinda akamsikia akimeza.

"Usinishukuru," Syokau alisema. "Sikiliza kama mchanga ule unaendelea kuvuma."

Na tangu siku hiyo, mchanga ndio unaolinda mlango wa umeme. Watu huusafisha, huuyeyusha, huukata vipande vyembamba na kuufungia ndani ya sanduku, na sanduku hilo huwekwa ukutani kati ya betri na nyumba, au chini ya kiti cha pikipiki ya umeme, au ndani ya treni. Humo mchanga hufungua na kufunga, na nguvu iliyojua kwenda tu hugeuzwa ikaenda na kurudi, ikazungusha magurudumu na pampu. Kwa sababu hata mlango mwepesi hupita nusu kabla ya kufungwa, sanduku hupata joto; ndiyo maana hutakiwi kulifunika kwa kitambaa. Na kwa sababu wawili walijifunza kungojana, kati ya pigo na pigo pana kimya kidogo mno, ambacho sikio haliwezi kukipata.

Mvumo wake unasikika. Huko Kyamutheu watu hulala nao, hupika nao, huzungumza ukivuma bila kuujali. Lakini ukikatika ghafla, hata mchana kweupe, hata nyumba ikiwa imejaa wageni, mwenye mtoto mchanga ndiye wa kwanza kusimama.