Firigisi Moja na Wimbo wa Nakundwa

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi ambayo hata simu zenu zilikuwapo, aliishi katika milima ya Upare mjane mmoja jina lake Naetwe. Watu walimwita Mama Nakundwa, kwa jina la binti yake wa pekee. Tegeni masikio, maana mwishoni nitawauliza swali, na atakayesema hakusikia vizuri nitamrudisha mwanzo.

Mama Nakundwa aliachiwa vitu viwili na marehemu mumewe, Mwalimu Elinihaki. Aliachiwa kompyuta, na aliachiwa sheria ya firigisi.

Tuanze na firigisi. Siku Naetwe alipoolewa, mama mkwe alimwita jikoni, akamwonyesha kuku aliyenyonyolewa, akamwambia, "Mwanangu, paja mpe umtakaye. Shingo watoto watagombania wenyewe. Firigisi ni ya aliyeisimamisha nyumba hii. Na haikatwi. Ukiikata firigisi, umeikata nyumba."

Naetwe akasikia, akashika. Miaka thelathini na moja, kila kuku aliyechinjwa pale, firigisi ilikwenda nzima kwenye sahani ya Mwalimu Elinihaki. Mwalimu alipofariki, mjane hakuchinja tena. Majogoo aligawa, yeye akala mayai. Watu wakasema ni ubahili. Ubahili gani! Hakujua firigisi aiweke mbele ya nani, na kuiona ikizunguka kwenye sufuria bila mwenyewe kungemuumiza.

Sasa kompyuta. Mwalimu Elinihaki alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Aliziandika kwenye kompyuta iliyokaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, kwa zile nota za d, r, m, sauti nne, na kila sauti aliipa ukurasa wake. Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Wimbo wa mwisho aliuita Wimbo wa Nakundwa, uimbwe siku binti yake atakapoolewa. Kabla hajaufundisha, akatangulia mbele ya haki.

Miaka miwili ikapita. Nakundwa akachumbiwa, harusi ikapangwa baada ya wiki tano. Mama yake akafunua kitambaa, akawasha kompyuta. Ikanguruma. Ikafikiri. Maharage yangeiva ikiwa bado inafikiri. Ilipofunguka, akaona majina ya nyimbo zote yamepangwa kwenye skrini, na la mwisho ni Wimbo wa Nakundwa. Akabofya. Ile programu ya kuandikia ikamjibu: muda wa majaribio umekwisha, weka ufunguo. Ufunguo upi? Mwalimu hakuacha ufunguo wowote ila wa banda la mbuzi.

Wimbo upo, hauimbiki.

Akamwendea Mwalimu Nambike, anayefundisha kompyuta shule ya sekondari. "Mama, nitakuja kesho," akasema Nambike. Kesho ikawa kesho kutwa. Kesho kutwa ikawa mitihani ya kidato cha nne. Wiki mbili zikayeyuka.

Mama Nakundwa akachoka kungoja, akamwita Kiangi, fundi wa redio na simu pale sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyu hapa."

Kiangi akaiwasha, akaisikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, mashine ni nzima. Kilichozeeka ni mfumo unaoiendesha. Waliouunda walishasema hawautunzi tena, na virusi vimejaa tele. Mimi ninao mfumo huria. Umeundwa na watu wa nchi nyingi, wakauacha wazi. Ukitaka utumie, ukitaka ufungue uone ulivyojengwa, ukitaka mgawie jirani. Na ndani yake mna programu ya kuandikia isiyouliza ufunguo."

"Na hao watu wanapata nini?"

"Wanapata wewe kuutumia."

Mama Nakundwa akamtazama kama mtu anayeambiwa mbuzi anatoa asali. Rahisi ghali, alijisemea moyoni. Lakini harusi ilikuwa inakuja, akakubali.

Kiangi akampa flashi. "Kabla sijaweka kipya, mama, toa vya marehemu uviweke humu. Vitoe mwenyewe." Kisha akatoka nje, akasimama uani, akaipa nyumba mgongo. Maana kwao, vitu vya marehemu havipekuliwi na mtu asiye wa nyumba hiyo, viwe kwenye sanduku la bati au kwenye kompyuta.

Mama Nakundwa akazihamisha nyimbo mojamoja, kama anayechuma kahawa. Picha ndogo ya wimbo, kwenye flashi. Nyingine, kwenye flashi. Akazihesabu, zikatimia.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza."

"Vyote vimo?"

"Vyote nimeviona kwa macho yangu."

Kiangi hakuchungulia. Akafuta mfumo wa zamani, akaweka mpya. Chai haijachemka, kompyuta ikawaka, nyepesi, na maneno yake ya Kiswahili: Fungua, Hifadhi, Funga. Mama Nakundwa akapiga kigelegele. Akachomeka flashi, akabofya Wimbo wa Nakundwa. Kimya. Akabofya mwingine. Kimya.

Mmeshaelewa? Zile picha ndogo zilikuwa na kishale pembeni. Kishale kile huonyesha tu wimbo ulipo. Ni kibao cha njia ya sokoni. Mama wa watu alikuwa amebeba kibao, soko akaliacha lichomwe.

Akakaa chini sakafuni. "Nimemzika mara ya pili," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sauti, mbele ya fundi, bila kujali.

Wimbo haupo.

Kiangi alikimbia. Namaanisha kukimbia, kandambili mkononi, hadi shuleni kwa Mwalimu Nambike. Nambike aliposikia, akaona aibu ya zile kesho zake zote. "Msiiguse tena. Izimeni!" Alasiri hiyohiyo akafika, na mitihani akamwachia mwenzake.

"Mama, usikate tamaa," akasema. "Kompyuta ikifuta, haichomi kitabu. Inachana orodha ya yaliyomo tu. Kurasa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake." Naye alikuwa na programu huria ya kutafuta vilivyofutwa. Akaiwasha. Siku ya kwanza, vipande vya barua na picha. Siku ya pili, nyimbo zikaanza kurudi. Siku ya tatu, Mama Nakundwa anamenya ndizi jikoni, akasikia, "Mama! Njoo!"

Wimbo wa Nakundwa ulikuwa kwenye skrini. Programu ya kuandikia ilikuwa imeufungua bila kuuliza ufunguo wa mtu. Ukurasa wa kwanza, sauti ya kwanza. Ukurasa wa pili, sauti ya pili. Ukurasa wa tatu, takataka: mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu yake. Ukurasa wa nne, sauti ya nne.

Wimbo upo, unachechemea.

Mwalimu wa kwaya akasema angeweza kutunga sauti ya tatu mwenyewe. Mama Nakundwa akamshukuru, akakataa. Alitaka wimbo wa mumewe, hakutaka wa mumewe na kiraka. Basi kwaya ikaja uani kwake mchana wa Jumamosi, ikaanza kujifunza sauti tatu, na wanaume wa sauti ya tatu wakakaa kwenye benchi wakitazama viatu vyao.

Ng'ambo ya kijito aliishi Nanzia, dada wa marehemu. Tangu siku ya maziko yeye na wifi yake hawakunywa chai pamoja. Nanzia alitaka kaka yake azikwe kwa wazazi, mjane akataka azikwe kwake, na mjane akashinda. Nanzia akaapa kutokanyaga uani pale tena.

Jumamosi ile kwaya iliporudia ubeti wa kwanza mara ya nne, mara wakamwona Nanzia anapanda mteremko, fimbo mkononi, kanga imemkaa upande.

"Mnauimba wimbo wa kaka yangu ukichechemea!" akasema kabla hata ya hodi. "Mguu mwingine mmeuacha wapi?"

"Umepotea, wifi," akasema Mama Nakundwa.

"Haujapotea. Ninao mimi."

Kumbe Mwalimu Elinihaki alipotunga, alikuwa akivuka kijito na kukaa barazani kwa dada yake. Nanzia ana sauti nzito kushinda wanaume wengi mnaowajua. Kaka akaimba sauti ya nne, dada akamjaribia ya tatu, wakaurudia hadi ukamwingia. Na tangu maziko ameufungia kifuani, kwa hasira.

Akaimba. Mama Nakundwa akakimbilia ndani kwenye kompyuta, akaandika kwa vidole viwili, d, r, m, akikosea, akifuta, akisema, "Wifi, rudia hapo," na Nanzia akarudia. Akarudia mara ishirini bila kununa. Jioni ukurasa wa tatu ukakaa mahali pake. Akabofya Hifadhi. Safari hii Kiangi aliifungua flashi mwenyewe, akachungulia, akachungulia tena.

Wimbo upo, unaimbika.

Ya harusini sitawachosha. Nitawaambia tu kwamba sauti ya tatu ilipoingia, bibi harusi alimshika mama yake mkono hadi pete ikaacha alama. Mama Nakundwa akasikia kama mumewe amekohoa nyuma ya benchi, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza. Akafurahi furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka miwili.

Siku ya tatu baada ya harusi akaingia bandani, akakamata jogoo. Akachinja. Akawaalika watatu chakula cha mchana: Kiangi, Nambike, Nanzia. Wakanawa, wakaketi. Ugali ukaja, mchuzi ukaja, nyama ikaja. Mwishowe Mama Nakundwa akatoka jikoni na sahani moja ndogo, na juu yake firigisi, nzima.

"Nyumba hii ilikuwa imelala," akasema. "Mmeisimamisha. Lakini firigisi ni moja, na haikatwi. Nisaidieni."

Kiangi akawa wa kwanza. "Mama, mimi ndiye niliyeuleta mfumo. Bila mimi mngekuwa mpaka leo mnaombwa ufunguo. Mwalimu alikuja baadaye, na alikuja kwa sababu nilikimbia."

"Ulikimbia kwa sababu ulifuta!" akasema Nambike. "Mimi nilikaa siku tatu natafuta ulichofuta. Mama, Kiangi aliifufua mashine, mimi niliufufua wimbo. Kilichoimbwa kanisani ni mashine?"

Nanzia akacheka hadi akakohoa. "Sikilizeni watoto. Wewe fundi, kuuliza si ujinga, ungechungulia flashi. Wewe mwalimu, ungekuja ile kesho yako ya kwanza, haya yote yasingetokea. Na nyote wawili mmetumia vya watu wengine, waliowapa bure. Changu hakikutoka kwa mtu wa mbali. Kimetoka kifuani mwangu."

"Shangazi," akasema Kiangi kwa adabu, "kilikaa humo kifuani miaka miwili wifi yako akilia. Sisi wa programu tuna neno letu: ulicho nacho, kiache wazi."

Nanzia akaweka tonge chini. Neno lilikuwa limempata. Kisha akasema polepole, "Kweli nilikifunga. Lakini nilikuja kukifungua mwenyewe, hakuna aliyeniita. Na kukivuka kile kijito kulikuwa kuzito kuliko kubofya."

"Basi tuseme kinga na kinga ndipo moto uwakapo," akasema Nambike. "Mama ampe yeyote."

"Ampe nani?" wakauliza wengine wawili kwa pamoja.

Mama Nakundwa amesimama na sahani. Aliwaza: mfumo ule ukimgawia jirani, na wewe unabaki nao mzima. Wimbo ukimfundisha mwenzio, haupungui. Lakini firigisi ukiitoa, umebaki na sahani. Akawaza na wale watu wa nchi nyingi wasiojua kwamba mlimani Upare kuna jogoo amechinjwa kwa ajili yao pia. Akamtazama Kiangi, akamtazama Nambike, akamtazama wifi yake aliyekaa pale pale alipokuwa akikaa zamani, karibu na mlango.

Kiangi akaona mama ametatizika, akataka kumtania. "Kwani, mama, hii firigisi tunayoigombania ina ladha gani?"

Mama Nakundwa akafungua kinywa ajibu, akakosa jibu. Miaka thelathini na moja ameisafisha, ameikaanga, ameibeba kwenye sahani kama hii. Hakuwahi kuionja. Wote watatu wakamwona anavyotafuta jibu, wakaacha kutafuna. Wakamtazama yeye aliyekubali mfumo mpya ingawa alikuwa na shaka, yeye aliyebeba kibao akaacha soko, yeye aliyeandika ukurasa wa tatu kwa vidole viwili.

Nami nimemwacha hapo hapo, sahani mkononi, firigisi bado inatoa moshi. Sitawaambia aliiweka wapi. Ila ninyi mliokaa hapa mkila kwa masikio, semeni, na msiseme wote kwa pamoja: aliyeuleta mfumo akafuta wimbo, aliyechelewa akaurudisha, aliyeuficha kifuani akautoa, au mama mwenyewe aliyebeba kibao, ambaye hata ladha ya firigisi haijui? Ingekuwa ni jikoni kwenu, na kisu hakiruhusiwi, je, firigisi ile mngeiweka mbele ya nani?